Kwa nini mafuta ya kupashia nyumba joto yanafuata bei ya dizeli?

Mpangaji wa Lewiston: Ndugu wanajukwaa, salaam. Nyumba tuliyopanga hapa Maine, Marekani, kama zilivyo nyumba nyingi za jimbo hili, hupashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori na kumiminwa kwenye tangi. Mwezi Septemba, kabla hata ya baridi kuanza, bei ya galoni ilipanda sambamba na dizeli ya vituoni. Nilidhani haya ni mafuta duni yenye bei yake. Je, muuzaji ananionea?

Fundi wa matanuri: Hakuonei, kaka. Zamani yalikuwa duni kweli, kwani salfa ilifika sehemu 2,000 kwa milioni na kuzidi. Tarehe 1 Julai 2018 Maine na majirani zake kadhaa walishusha kikomo hadi sehemu 15, sawasawa na dizeli ya barabarani. New York ilikuwa imetangulia mwaka 2012. Nilizoea kukuta ukoko umeziba njia za moshi, ila siku hizi brashi inapita bila kazi kubwa. Kinachoyatofautisha zaidi ni rangi nyekundu, alama ya kwamba hayakulipiwa ushuru wa barabara, kwa hiyo usiyatie kwenye gari.

Msomaji wa soko: Naongezea upande wa biashara. Mkataba wa kununua mafuta haya kwa bei ya leo na kuyapokea baadaye, katika NYMEX, soko la bidhaa la New York, ulioanza mwaka 1978 na ambao shehena yake hukabidhiwa Bandari ya New York, tangu ule wa Mei 2013 unahusu dizeli yenye salfa hiyo hiyo ya sehemu 15, ingawa madalali bado wanauita HO (kifupi cha “heating oil”, mafuta ya kupashia joto) kwa mazoea. Maana yake ni kwamba tangi lako linagombea mafuta yale yale na malori, na matrekta ya mavuno ya vuli, na tangu 1 Januari 2020 hata na meli, kwa sababu kikomo cha salfa baharini kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na baadhi ya wachanganyaji hutumia mafuta ya jamii ya dizeli kuyapunguzia salfa mafuta mazito ya meli.

Mpangaji wa Lewiston: Basi ile desturi ya kujaza tangi kiangazi, kwa kutarajia bei nafuu kuliko ya majira ya baridi, bado ina faida?

Msomaji wa soko: Si kila mwaka. Aliyejaza Juni 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimekwisha kulitikisa soko la dizeli, alilipa zaidi ya dola 5 kwa galoni. Mimi hununua kidogo kidogo.

Mpangaji wa Lewiston: Nashukuru. Nitaagiza galoni 100 wiki hii, maana lori lao halishushi pungufu ya hapo.