Mbawakawa bapa chini ya gome la mkuyu, Kibosho: ni nani huyu?

kihamba_juu: Habari wakuu. Mkuyu umeanguka pembeni ya kihamba (shamba la nyumbani), gome limeanza kuachia. Chini yake kuna wadudu weusi wanaong'aa, milimita 9 hivi, bapa mno, taya zimechomoza mbele. Mabawa ya juu hayafiki mwisho wa tumbo. Kuna majimaji yenye harufu ya pombe na funza tele. Migomba iko hatua chache tu. Nipige dawa?

gomekavu: Usipige. Hao ni Histeridae, familia ya mbawakawa wanaowinda wadudu wengine, na kwa ubapa huo naona ni jenasi ya Hololepta. Hawali mti, wanawafuata hao funza. Mgeuze mmoja chali utazame kwa lenzi: vipapasio vimekunjwa kama kiwiko, nchani vina kirungu. Mgongoni ziwe wazi pingili mbili tu za mwisho. Zikiwa tano au sita, hao ni Staphylinidae, familia nyingine ya mbawakawa wenye mabawa mafupi. Mabawa yakifunika tumbo lote, yana mifereji mirefu na mdudu amezidi sentimita 2, fikiria Passalidae, mbawakawa ambao hula mbao zilizooza.

kihamba_juu: Ni mbili, na kirungu kipo. Ila gogo lina vitundu na unga wa mbao.

gomekavu: Unga ni wa watoboaji wengine. Hololepta hatoboi, anapenya tu kati ya gome na mti, ndiyo maana yuko bapa. Spishi hutaipata kwa picha ya simu, maana lazima kuhesabu mistari ya mabawani. Weka watatu kwenye spiriti ya asilimia 70: mililita 73 za ile ya 96, ongeza maji hadi 100. Lebo iandikwe kwa penseli, iingie ndani ya chupa (wino wa kalamu huyeyuka): mahali, tarehe, aina ya mti. Kisha wapelekee TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), Arusha.

ndizi_mshale: Nyongeza ya migomba. Jamii hii hukaa pia kwenye mashina ya migomba yanayooza, ikila funza. Ukitega fukusi, mdudu mharibifu wa migomba, kwa vipande vya shina vya sentimita 30, vilivyopasuliwa na kulazwa uso chini, siku ya tatu utawakuta wote wawili. Fukusi ana mdomo mrefu uliopinda, muue. Huyu bapa mwachie. Usitarajie awamalize fukusi lakini, kwa sababu funza wao wamejichimbia ndani ya tunguu (kitako cha mgomba ardhini), asikofika.