Gumzo la familia: vifimbo 60 na chupa ya soda

*Ijumaa*

Baba Rehema (Busia), 19:42: Asalaam aleikum familia. Mashine yangu ya kukereza imegoma. Nawasha inanguruma mmmmm kama ng'ombe mgonjwa, haizunguki. Yule mama wa jumla anataka vifimbo vya chapati 60 Jumapili asubuhi awagawie vijana wanaouza rolex, zile chapati za kuviringishwa na mayai, na mimi niko 37

Shangazi Bombo, 19:44: Waaleikum salaam. Pole mwanangu. Na miguu ya stuli yangu?

Baba Rehema, 19:45: Shangazi stuli yako ni mvule, vumbi la mvule linaniwasha shingo na kifua, nasubiri barakoa ya maana

Shangazi Bombo, 19:45: Tangu Idi unasubiri barakoa

Mama Rehema, 19:47: Muulizeni pia kwa nini vifimbo 37 viko kwenye gunia na mimi jikoni nasukuma chapati kwa chupa ya soda

Kadogo Kampala, 19:48: 😂😂😂 mganga hajigangi

Baba Rehema, 19:52: Hivyo vya gunia vimehesabiwa mama Rehema. Sasa sikilizeni wazo langu. Pikipiki yangu Yamaha AG si ipo, nainyanyua gurudumu la nyuma kwa gogo, natoa tairi, mkanda unapita kwenye rimu mpaka kwenye puli ya mashine, natia gia ya pili naendelea na kazi. Hata umeme ukikatika sina shida

Kadogo Kampala, 19:53: Banange huyu anatengeneza posho mill

Mama Rehema, 19:53: Moshi wa hiyo piki uingie wapi? Kwenye nguo nilizoanika?

Mjomba Jinja, 20:10: Mpwa wangu acha kabisa. Hiyo injini inapozwa na upepo, upepo wenyewe unatoka kwa kutembea. Ukiifunga hapo uani nusu saa inachemka na hiyo ni tu-sitroki, inachoma oili pamoja na petroli, pistoni itashika kwenye silinda. Umesahau ile siku ulisahau kujaza oili kwenye tanki lake dogo ikashika njia ya Tororo ukaisukuma mpaka saa nne usiku? Ukalipa kuboa silinda na pistoni mpya. Vifimbo 60 haviwezi kununua pistoni

Baba Rehema, 20:11: Mjomba hiyo ya Tororo tulikubaliana tusiiseme kwenye grupu

Shangazi Bombo, 20:12: Mimi sikuwa najua 😄

Mjomba Jinja, 20:15: Na mota yenyewe sidhani imeungua. Umesikia harufu?

Baba Rehema, 20:16: Hakuna harufu

Mjomba Jinja, 20:16: 🎤 *Ujumbe wa sauti, dakika 1 na sekunde 8*

Kadogo Kampala, 20:20: Mjomba niko kwenye teksi siwezi kusikiliza, ulisema nini

Mjomba Jinja, 20:24: Nimesema hivi, mti atoe kwanza, mkanda atoe, asiache kitu kimefungwa kwenye mashine. Achukue kijiti azungushe puli ya mota halafu awashe haraka. Ikiendelea kuzunguka yenyewe basi mota nzima, kilichokufa ni kapasita, kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Ikikataa ndiyo tulie

Baba Rehema, 20:41: IMEZUNGUKA!! ila nilisukuma upande mbaya ikaenda kinyumenyume

Mjomba Jinja, 20:42: Hahaha ndivyo inavyokuwa, inafuata ulikoisukuma. Kapasita hiyo. Chomoa kwenye soketi, na usishike miguu yake miwili kwa vidole, inaweka umeme hata ukichomoa, igusanishe kwanza kwa bisibisi ya mpini wa plastiki. Halafu soma namba ununue ileile

Baba Rehema, 20:58: Imeandikwa 16 na 450V. Na imevimba tumbo

Mjomba Jinja, 20:59: Si umeona. Na mimi nilikuwa nakwambia pikipiki ni ya kutembea. Babu yako hapo hapo Busia alibeba watu kwa baiskeli, boda mpaka boda, hakuwahi kufunga baiskeli kwenye mashine ya kusaga

*Jumamosi*

Baba Rehema, 07:15: Natoka stoo saa saba, bosi ameniruhusu. Kuna mtu ana mzigo wa samaki kavu wa kupeleka Tororo nitambebea, deiwaka kidogo, hiyo hela ndiyo itanunua kapasita

Mama Rehema, 07:16: Oili umejaza?

Baba Rehema, 07:16: Nimejaza

Mama Rehema, 07:17: Nimeangalia mwenyewe, amejaza

Baba Rehema, 16:33: Nimerudi na kapasita. Piki ilikata kabla ya kufika, plagi imejaa oili, nikaitoa nikaipiga msasa ule ule wa vifimbo nikaendelea. Nanuka samaki. Naanza kazi

Mama Rehema, 18:20: Huku uani ni njano tupu, vumbi la mfenesi limekaa mpaka kwenye kuku

Kadogo Kampala, 18:22: Mfenesi ule ulioanguka nyuma ya msikiti?

Baba Rehema, 18:40: Huo huo. Yaani ukiukata ni njano kama siagi, ukikaa miezi unageuka kahawia. Nilipaka nta ya mshumaa kwenye ncha za magogo siku ile ile, ndiyo maana haujapasuka. Hivi sasa patasi ikiwa kali inatoa utepe mrefu unapita juu ya bega, sauti inakuwa ssss, hapo hata njaa husikii. Patasi ikiwa butu inang'oa nyuzi unapata kifimbo chenye ndevu, kitashika unga. Hii patasi mnajua ni springi ya lori, si faili, faili inavunjika usoni

Kadogo Kampala, 18:41: Kaka uliulizwa mti tu 😂

Baba Rehema, 21:50: Ni 52. Kimoja kilichomoka kikapiga debe la kuku, hakuna aliyeumia, ila jogoo hataki kunitazama

Shangazi Bombo, 21:52: Kalale sasa

Baba Rehema, 23:37: 60. Nimepaka nta ya nyuki na mafuta ya simsim, vyote. Mikono haifungi

*Jumapili*

Baba Rehema, 09:05: Jamani niko sokoni. Mama wa jumla amehesabu ni 59. Mimi usiku nilihesabu mara mbili. Amekata elfu nne yake

Kadogo Kampala, 09:06: Labda jogoo

Baba Rehema, 09:07: Mama Rehema umeona kifimbo hapo uani?

Baba Rehema, 09:15: Mama Rehema

Mama Rehema, 09:31: 📷 *Picha*

Kadogo Kampala, 09:32: Woiii hiyo chapati ni duara kama imekatwa kwa sahani

Mjomba Jinja, 09:33: Chupa ya soda haitoi chapati ya hivyo

Baba Rehema, 09:34: Elfu nne mama Rehema

Mama Rehema, 09:35: Njoo ule zikiwa moto. Kinayumba kidogo upande wa kushoto lakini nimekizoea

Baba Rehema, 09:36: HAKIYUMBI

Shangazi Bombo, 09:40: Sasa mashine imepona. Barakoa bei gani nitume kwa simu?