Tupeane uzoefu: usaili wa waandishi wa programu unapima nini hasa?

#1
Wakuu, mnaosaili na mnaosailiwa, tukusanye hapa kasoro za usaili wa kiufundi. Tuwe mahususi: swali gani, dakika ngapi, linaharibika wapi.

#2
Ubao. Mwaka 2020 watafiti wa North Carolina State University na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 wa kompyuta swali la kutatua ubaoni. Nusu walitazamwa na msaili, nusu wakaachwa chumbani peke yao. Ufanisi wa waliotazamwa ulikuwa chini ya nusu ya wenzao. Wanawake walikuwa wachache, lakini wote waliotazamwa walikosa, na wote walioachwa peke yao walipata! Yaani mtu anayeweza kazi mngemtupa kwa sababu tu alitazamwa. Toa swali, hakikisha limeeleweka, toka nje dakika 30, kisha rudi akueleze alichofanya.

#3
Kuna lile swali pendwa la kutafuta namba kwenye orodha iliyopangwa, kwa kuikata nusu kwa nusu. Linatakiwa ubaoni, dakika 20, bila kosa. Sasa, msimbo huohuo ndani ya lugha ya programu ya Java ulikaa na kosa kwa takriban miaka tisa, mpaka Joshua Bloch, mhandisi aliyeuandika, alipolieleza hadharani mwaka 2006. Kosa ni mstari huu wa kupata nafasi ya katikati (chini na juu ni mipaka ya sehemu inayopekuliwa):

kati = (chini + juu) / 2

Jumla ikipita 2,147,483,647, kikomo cha namba nzima ya kawaida (int) ya Java, inageuka hasi, programu inaanguka. Sahihi ni chini + (juu - chini) / 2. Kwa orodha ya namba kumi anazojaribia msaili, kosa hilo halionekani kamwe. Kwa hiyo aliyekariri anapita, na msaili haoni kama ameelewa.

#4
Mkuu #3 umegusa penyewe. Badala yake mpe programu ndogo, mistari 200 hadi 300, yenye kosa moja mnalolijua na jaribio moja linalofeli. Dakika 60, kompyuta yake, intaneti ruksa. Tazama kama anasoma ujumbe wa kosa kabla ya kugusa msimbo, na kama anaendesha jaribio upya kila anapobadilisha kitu. Wasaili wawe wawili, kila mmoja aandike alama zake kabla hawajaongea. Wa kwanza kusema humvuta mwenzake.

#5
Kazi za kufanyia nyumbani nazo. Kampuni zinaandika kuwa kazi itachukua "saa 3" tu, lakini kusakinisha vifaa, kuandika majaribio na maelezo ya matumizi havijahesabiwa. Mwenye mtoto mchanga au ajira nyingine ameshaachwa hapo. Mtu wa ofisini asiyeijua kazi hiyo aifanye kwanza, saa ikihesabu.

#6
Kwa wanaosailiwa kwa video: kamera pamoja na kuonyesha skrini kwa saa moja huweza kula zaidi ya MB 500. Weka bando kwenye laini mbili, chaji kompyuta ijae, na uliza mapema kama umeme ukikatika muda unasimama au unaendelea kuhesabika. Mara nyingi unaendelea.