Theremin, Theremini, ondes Martenot au msumeno: kipi kinamfaa mpiga fidla?

FidlaPwani (mwanzisha mada)

Asalaam aleikum wanajukwaa, na hamjambo wote.

Napiga fidla kwenye taarab kwa zaidi ya miaka ishirini. Tangu mwaka jana kidole cha pete cha mkono wa kushoto kinakaza, na daktari kanishauri nipunguze kubana nyuzi. Natafuta ala nisiyohitaji kubana kitu, ila isininyang'anye ninachokipenda kwenye fidla: sauti kuteleza kutoka noti hadi noti, na zile robo toni (noti zilizo katikati ya funguo za piano) ambazo bila hizo Bayati, ile maqam ya Kiarabu, si Bayati.

Nimebakiwa na vitu vinne vya kuchagua. Kuna theremin ya kawaida, mfano Etherwave ya Moog: unasimama mbele ya antena mbili, mkono mmoja unatafuta noti hewani, mwingine unaongoza ukubwa wa sauti. Kuna Theremini, ya Moog vilevile, ya kidijitali, iliyotoka 2014, ambayo ina kirungu (kitufe cha kuzungusha) cha kukusahihishia noti. Kuna ondes Martenot, ala ya umeme ya Wafaransa. Na kuna msumeno wa seremala na upinde wangu wa zamani. Msicheke.

(Naandika "theremin" bila i ya mwisho kwa makusudi. Kiswahili kingeitaka, lakini hao Moog wameshaichukua kwa bidhaa yao. Tusipotezane.)

Nani kazigusa? Au tuseme nani kazipiga, maana mbili za mwanzo haziguswi.

---

Mwangaza254

Kaka, nianze na yaliyomo ndani ya sanduku, kwa sababu ugumu wote unatoka humo. Mna osileta mbili, yaani saketi zinazotetema kwa masafa ya redio, juu mno kwa sikio. Moja haibadiliki. Nyingine imeungwa na antena ya wima, na mkono wako ukiikaribia unaongeza kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) chembe tu, masafa yake yanashuka kidogo. Unachosikia ni tofauti baina ya hizo mbili. Mkono ukisogea karibu tofauti inakua na noti inapanda. Ukienda mbali inashuka hadi inanyamaza.

Lakini sanduku halijui kama ule ni mkono. Linahisi mwili mzima. Hamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu, au mtoto apite nyuma yako kuchukua maji, noti imehama. Na nafasi za noti hazilingani: karibu na antena zimesongamana, mbali zimetawanyika. Hata kwenye fidla zinasongamana ukipanda juu, ila pale una ubao chini ya kidole. Hapa una hewa.

Kichekesho ni kwamba iliuzwa kama ala rahisi. Lev Termen, mwanafizikia wa Kirusi aliyekuwa pia mpiga selo, aliibuni karibu na mwaka 1920, akamwonyesha Lenin mwaka 1922, kisha akaenda nayo Marekani. Kampuni ya RCA ikatengeneza takriban 500 kuanzia 1929, na matangazo yao yakadai kwamba ukiweza kupiga mluzi, utaiweza. Mwaka huo uchumi nao ukaporomoka, kwa hiyo hatuwezi kuulaumu ugumu peke yake. Lakini wateja waliokwisha kuinunua waligundua haraka kwamba mluzi si hoja.

---

BintiMkunazini

Shikamoo kaka FidlaPwani, na pole kwa kidole.

Mimi nina Etherwave, mwaka wa sita sasa, huku Ujerumani. Miezi ya mwanzo nilikuwa natoa sauti ya paka aliyefungiwa kabatini. Jirani wa ghorofa ya chini aliniuliza kwa upole kama nimefuga mnyama.

Watu wakiiona hutazama mkono wa kulia, ule wa noti. Ndiko walikotazama RCA pia. Kumbe kinachotenganisha muziki na king'ora ni mkono wa kushoto. Theremin haina mwanzo wa noti. Fidla ina upinde unaoshika uzi, kinanda kina nyundo. Hapa sauti ipo muda wote, na usipoikata kwa mkono wa kushoto kila safari ya mkono wa kulia itasikika: mkokoto, mkokoto, mkokoto. Kwa hiyo unauzamisha mkono kwenye kitanzi cha sauti, ile antena ya pili, unahama kimya, unauinua ukiwa umeshafika. Ukichelewa kidogo tu, umeburuza. Ukiwahi, umekata pumzi ya wimbo. Halafu uchague mahali pa kuburuza kwa hiari, kwa sababu mwimbaji mzuri naye huburuza, ila si kila mahali. Wewe umeshalijua hilo kwa upinde. Tofauti ni kwamba hapa mkono ukipanda sauti inakua, ukishuka inafifia.

Kuhusu kupatia noti, sikio halikuambii noti iko wapi. Linakuambia umeshaikosa. Wapigaji wengi wanaikosa kwa kiasi kidogo sana, wanairekebisha kabla msikilizaji hajang'amua, na vibrato (kuitikisa noti juu na chini kidogo) inasaidia kufunika. Lakini vibrato ikiwa blanketi la kujifichia, watu wanasikia blanketi.

Mtafute Clara Rockmore. Alizaliwa Vilnius mwaka 1911, akiwa mtoto mdogo kabisa akakubaliwa kusoma fidla kwenye konsavatori ya Saint Petersburg, kisha maradhi ya mkono yakamnyang'anya fidla. Ndipo akaishika theremin. Nadhani umeelewa kwa nini nimekutajia yeye. Hakutumia mkono mzima kuvuka hewa kama anayefukuza nzi. Alibuni namna ya kukunja na kufungua vidole hewani, kila mkunjo ni noti. Alimsukuma pia Termen amtengenezee ala yenye oktavu tano na inayoitika haraka zaidi. Rekodi yake ya 1977, dada yake Nadia Reisenberg akiwa kwenye piano, ina Vocalise ya Rachmaninoff na The Swan (swani, ndege wa majini) ya Saint-Saëns. Sikiliza mapafu ya yule swani. Hayo ni mapafu ya mkono wa kushoto.

Baadaye Carolina Eyck, Mjerumani, aliupanga mtindo wa vidole katika nafasi nane na kuuandikia kitabu mwaka 2006. Unarekebisha uga wa antena mpaka oktavu moja itoshe kati ya kiganja kilichofumbwa na vidole vilivyonyooshwa. Ndio niliojifunzia.

Na habari njema kwako: vidole vinavyotakiwa kuwa vyepesi ni vya kulia. Kushoto ni kupanda na kushuka tu.

---

DjKokoto

Wakuu, mbona mnamtisha mzee wetu? Theremini ipo. Unachagua skeli, unageuza kirungu cha usahihishaji, hukosei. Mtoto anayeanza fidla si hubandikiwa vipande vya utepe shingoni mwa ala? Mbona hatusemi anadanganya? Tena ina spika yake ndani na skrini inayokuonyesha noti uliyopo. Etherwave inakudai amplifaya juu.

Halafu theremin si ya Rachmaninoff tu. Ile sauti ya Good Vibrations ya Beach Boys mwaka 1966 ndiyo iliyonivuta mimi.

---

BintiMkunazini

DjKokoto mdogo wangu, ile si theremin. Ni ala ya Paul Tanner, mpiga tromboni. Alikuwa anasogeza kishikio juu ya mstari wenye alama, kwa hiyo alijua noti iko wapi kabla hajaipiga. Umenisaidia hoja bila kujua: hata studio za California zilipendelea sauti ya theremin bila mateso yake.

Kuhusu utepe umesema kweli, na kwa mwanangu ningenunua Theremini kesho. Lakini utepe hauvuti kidole. Mtoto akikosea, anasikia amekosea. Usahihishaji ukifunguliwa wote unakuvuta hadi kwenye noti, na vibrato inageuka ngazi, trrrr, badala ya wimbi. Na FidlaPwani akiifungia kwenye skeli ya Kizungu ya noti kumi na mbili, Bayati yake imekwenda na maji. Anaweza kukizima kirungu kabisa, ndiyo, na hapo anabaki na ugumu uleule wa theremin. Basi kilichobaki ni kuuliza ni sauti ipi anaipenda, na mimi sikio langu liko kwa analojia, yaani theremin ya kawaida isiyo ya kidijitali.

---

DjKokoto

Nimekubali kwa Tanner. Kwa mengine nakaza. Mzee akianza na usahihishaji nusu, akashusha pole pole?

---

BintiMkunazini

Akiwa hana sikio, sawa. Huyu ana miaka ishirini ya sikio. Utamfunga mtu miwani ambaye haoni vibaya?

---

PapaKatanga

Jambo kwenu. Ondes Martenot imesahauliwa hapa, nayo ndiyo jibu la busara, isipokuwa kwa mfuko.

Maurice Martenot naye alikuwa mpiga selo (sijui selo ina nini). Aliionyesha Paris mwaka 1928, na yeye alikuwa amekwisha kuona tatizo la hewa tupu. Unavaa pete kwenye kidole cha shahada cha kulia, pete imefungwa kwenye waya, unaivuta kushoto na kulia mbele ya kinanda. Funguo zile zinakuonyesha noti ilipo, lakini pete haibanwi nazo. Inateleza utakako, hata katikati ya funguo mbili. Robo toni zako zote zipo. Mkono wa kushoto uko kwenye kidroo, kidole kimoja kinakandamiza kitufe na sauti inakua kwa kadiri unavyokandamiza. Mtunzi Mfaransa Messiaen aliiandikia nafasi kubwa kwenye simfonia yake Turangalîla, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Boston mwaka 1949.

Ugumu wake ni mwingine. Theremin inakutesa kwa kutokuwa na mahali. Ondes inakupa mahali, kisha inakudai umbo la kila noti kwa kile kidole kimoja. Niliijaribu dakika kumi nilipokuwa mwanafunzi Ubelgiji na bado naiota. Ila kuipata ni kazi kubwa. Za asili ni chache na nakala ni ghali.

---

RandaNaMsumeno

Kuhusu chaguo la mwisho. Mimi ni seremala na napiga msumeno harusini, kwa hiyo nacheka kwa ruhusa.

Unakaa, mpini unaubana kwa mapaja, meno yakikuelekea. Bapa unalikunja liwe kama herufi S, na upinde unapita upande usio na meno, pale katikati ya S palipotulia. Sauti yake watu wengi huikosea wakadhani ni theremin. Inateleza, inalia, na ukigusa bapa unajua uko wapi kwa mkazo wake. Tatizo lake haikatiki upesi, noti ya jana inaning'inia kwenye ya leo.

Sasa kwako: anayekunja ncha ni mkono wa kushoto, na chuma hakikunjwi kwa dua. Kuna kishikio cha mbao cha kuchomeka kwenye ncha, kinapunguza mzigo, lakini hakiuondoi. Kwa kidole chako sikushauri.

---

FundiUmeme_Tanga

Hamjataja ardhi. Theremin inahitaji waya wa ardhi wa kweli, na Etherwave kwa kawaida inaupata kupitia kebo inayokwenda kwenye amplifaya. Amplifaya ya betri, au soketi yenye tundu la tatu la urembo tu (mnazijua), mkono unaitikiwa vibaya. Pima soketi kwanza. Iwashe robo saa kabla ya kupiga ipate joto, maana noti huhama ikiwa bado baridi. Feni ya kusimama inayogeuza shingo, iondoe chumbani.

---

FidlaPwani

Ahsanteni sana. Msumeno nimeurudisha kwa fundi, tena kwa aibu, maana nilishaupaka ulimbo. Ondes namwachia PapaKatanga aiote kwa niaba yangu.

Jana usiku nimemsikiliza Rockmore mara nne. Mke wangu akauliza ni nani anaimba. Nikamwambia hakuna anayeimba. Akasema basi nipandishe sauti.

FundiUmeme, nimepima soketi tatu za nyumbani, mbili ni za urembo. Hiyo ya tatu iko jikoni. Binti Mkunazini, friji ikiwa mita moja na nusu nyuma yangu, nitapona?

---

BintiMkunazini

Friji haitembei kaka, kwa hiyo utairekebisha ala mara moja na kuisahau. Hofu yangu ni mlango wake kufunguliwa katikati ya Bayati.