Programu gani rahisi ya kuchora ramani ya nyumba? Twataka kupandisha juu kwa mama

Mwana_Kisauni

Salaam alaikum jamani. Nyumba ya mamangu hapa Kisauni ni ya vyumba vitatu, juu ni slabu, na sisi watoto tumekubaliana tupandishe vyumba viwili na choo ili ndugu yangu akioa akae hapo hapo, mama asibaki peke yake. Sasa shida iko kwenye maneno, kila mtu ana nyumba yake kichwani, fundi akisema ngazi ipite mbele mama aona ni upande wa jikoni, ndugu yangu ataka balkoni, mimi sijui hata kama hivyo vyumba vitaenea. Nataka niichore mwenyewe kwa kompyuta, kwa vipimo vya kweli, tukae tuiangalie sote kabla ya kwenda kwa mchoraji na kuanza kulipa pesa.

Mimi sijasomea ujenzi, kazi yangu ni ya ofisi. Laptop ni ya Windows ya zamani kidogo, RAM 4GB, intaneti ni bando ya simu na stima nayo mwaijua. Nimesikia AutoCAD, SketchUp, Floorplanner, Planner 5D, Sweet Home 3D, kila mtu asifu yake. Ipi hapo mtu wa kawaida aweza kuishika jioni akitoka kazini? Picha za kung'aa sizitaki, mimi nataka nikisema ukuta ni futi kumi uwe futi kumi.

Likoni_Feri

Alaikum salaam kaka. Kwa hali uliyoeleza nakwambia moja kwa moja, Sweet Home 3D. Ni ya bure kabisa, yenye msimbo wazi, waishusha mara moja tu na baadaye yafanya kazi bila intaneti, na laptop yako itaibeba. Ukifungua waona upande wa juu kuna karatasi ya kuchorea, chini yake nyumba ile ile yasimama kwa 3D unapochora, kushoto kuna milango, madirisha, vitanda, masinki, wavuta tu na kuweka.

Kabla hujachora chochote ingia kwenye mapendeleo ubadilishe kipimo kiwe futi na inchi, na uweke unene wa ukuta na urefu wake kulingana na nyumba yenu, usiache ule unaokuja na programu kwa sababu ni mwembamba, haulingani na ukuta wetu wa mawe. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, ukiwa wachora ukuta bonyeza Enter, hapo waandika urefu kwa namba badala ya kukisia na mausi. Hiyo ndiyo futi kumi yako unayoitaka. Chumba kikishafungwa kuta zote nne, chukua kifaa cha vyumba ubonyeze mara mbili katikati, yakuandikia na ukubwa wake.

Na kama mama ana ile ramani ya zamani ya karatasi, ipige picha ukiwa umeinyoosha vizuri, iweke kama picha ya nyuma, programu itakuuliza uchore mstari juu ya kitu unachojua urefu wake, kwa mfano ukuta wa mbele, ukiandika ule urefu basi picha nzima yakaa kwenye skeli na wewe wafuatisha tu juu yake.

AutoCAD achana nayo, ni ya kulipia na ni ya watu wa kazi, imekuwako tangu 1982 na ina mambo hutayahitaji maishani. SketchUp ile ya bure yafanyika kwenye brauza, kwa hivyo bando likikata nawe umekatika, na ile yataka uzoee kuchora kwa maumbo, si kwa kuta.

Sele_Bamburi

Naongezea hapo kwa brauza. Floorplanner na Planner 5D ni nyepesi kwa mtu asiyejua lolote, zapendeza na hazitaki kuinstoliwa. Lakini zote mbili toleo lake la bure lina mipaka, vitu vingine vimefungiwa mpaka ulipe, kwa hivyo angalia kwanza ni nini waruhusiwa kutoa nje bila malipo ndio uanze kuchora, isiwe umemaliza kila kitu halafu kuchapisha kwataka kadi ya benki. Zile za simu zinazopima chumba kwa kamera mimi siziamini kwa ujenzi. Kwa kupanga makochi sawa, kwa kuta hapana, inchi mbili tatu zapotea na kwenye choo inchi tatu ni mlango kufunguka au kutofunguka.

Mchoraji_Mikindani

Hii kazi ya kuchora plani ndiyo nila nayo, na nafurahi sana mtu akija na mchoro wake hata kama ni wa penseli, kwa sababu ashafikiria. Programu mliyomtajia ni nzuri. Lakini ndugu yangu kazi yako kubwa iko kwenye tepu kabla ya kompyuta.

Pima kila chumba pande zote nne halafu pima kona kwa kona mara mbili. Chumba cha futi 12 kwa 10 kikiwa kimenyooka, kona kwa kona yatoka futi 15 na inchi 7 na ushee, zote mbili sawa. Zikitofautiana ujue chumba kimekwenda upande, na nyumba nyingi huku kwetu zimekwenda, ukikichora kimenyooka basi kosa lote latokea kwenye chumba cha mwisho. Unene wa ukuta upime mlangoni pamoja na plasta, jiwe la inchi 6 likipigwa plasta pande mbili lafika 7 hivi.

Sasa ngazi, kwa sababu hapo ndipo watu wa kupandisha juu wanapoumia. Kwenye programu wavuta ngazi, waifupisha, yakaa vizuri, yaonekana imeenea, kumbe hakuna mguu wa mtu utakaopanda pale. Fanya hesabu. Kutoka sakafu ya chini mpaka sakafu ya juu, pamoja na unene wa slabu, tuseme ni futi 10, hizo ni inchi 120. Kila kidato kikiwa inchi 7 kwenda juu wapata vidato 17. Pa kukanyaga weka inchi 10, cha mwisho ni ile sakafu ya juu yenyewe kwa hivyo wahesabu 16, jumla inchi 160, yaani futi 13 na inchi 4 za ngazi iliyonyooka. Je, nyumba ya mama ina hizo futi 13 mahali? Kama haina, ivunje katikati igeuke, urefu wapungua lakini upana wawa mara mbili. Na mama ni mtu mzima, usimjengee vidato vya inchi 8 au 9 ili kuokoa nafasi, tafadhali.

Ukiongeza levo ya juu, yaani ghorofa, kwenye Sweet Home 3D, kuta za chini zaonekana kwa rangi hafifu. Zifuate. Ukuta wa juu ukae juu ya ukuta wa chini, ukiupeleka katikati ya chumba yataka bimu, boriti ya zege ya kuubeba, na bimu ni pesa. Wazee wetu waliojenga Mji wa Kale walibanwa na boriti za mikoko, ndio maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, upana haukuweza kuzidi kile boriti inachofika. Sisi tuna chuma na zege lakini slabu nayo ina mpaka wake.

Na injinia aje aangalie msingi na kolamu, zile nguzo, kama zaweza kubeba kabla hamjashika hata jiwe moja. Ramani ya kupeleka kaunti nayo ni lazima itoke kwa akitekti aliyesajiliwa BORAQS, ile bodi ya kusajili maakitekti, na injinia wake, na mradi usajiliwe NCA, mamlaka ya ujenzi ya taifa. Huo mchoro wako ni wa nyumbani, wa kuelewana.

Bi_Majengo

Mwanangu usisahau upepo. Hapa Mombasa kusi chatoka kusini mashariki, kaskazi chatoka kaskazini mashariki, vyumba vya juu chini ya mabati au slabu bila dirisha la kupokea na la kutolea, huyo bi harusi hatalala. Hiyo programu ina dira, mjukuu wangu alinionyesha, waibonyeza mara mbili waandika digrii 4 kusini na 39.7 mashariki, wageuza kaskazini ilingane na nyumba yenu, halafu ukitengeneza picha wachagua tarehe na saa, waona jua laingia wapi. Jaribu mwezi wa sita halafu wa kumi na mbili, kwani kwetu jua la adhuhuri huhama, mwezi wa sita liko kaskazini na mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Ukuta wa magharibi ndio unaokaangwa jioni, hapo weka choo na ngazi, usiweke kitanda. Na dirisha la choo lisitazame uani kwa jirani.

Mwana_Kisauni

Allah awalipe kheri nyote, Bi Majengo shikamoo, hilo la jua sikulifikiria kabisa. Jumamosi napima na ndugu yangu. Mchoraji, swali moja, watu wa kazi yako mwatumia AutoCAD, je mchoro wangu utafunguka kwako au nitakuwa nimechora bure?

Mchoraji_Mikindani

Sweet Home 3D haitoi faili la DWG, lile la AutoCAD, kwa hivyo usihangaike na hilo. Weka mistari ya vipimo kila ukuta, toa PDF, mimi au mwingine atachora upya kwa haraka kwa sababu vipimo vishapatikana. Chagua skeli ya 1:100 kwenye mpangilio wa ukurasa. Nyumba yaenea A4, lakini ukitaka ploti nzima na kama ni ile ya futi 50 kwa 100, kwa skeli hiyo yawa sentimita 15.2 kwa 30.5 na A4 urefu wake ni 29.7, itakatwa, chapisha A3. Pale sayba mwambie kijana asiipunguze ili itoshee karatasi, achapishe kwa asilimia 100, na ukishaipokea weka rula juu ya ukuta mmoja unaoujua, mita moja iwe sentimita moja, isipokuwa hivyo mrudishie achapishe tena.