Mrejesho: Falsafa kama somo la pili katika chuo kikuu cha Kikristo

Ndugu zangu, mwaka jana niliwauliza kama inafaa kusoma falsafa kama somo la pili, kando ya ualimu, katika chuo kikuu cha Kikristo, kwa kuwa wazazi wangu walihofu kwamba ingenipunguzia imani. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuanza na mantiki kabla ya metafizikia, yaani tawi la falsafa linalochunguza asili ya vyote vilivyopo, nao umenifaa hata katika insha za masomo mengine. Aliyenielekeza kwa Anselm, mtawa na mwanafalsafa Mkristo wa karne ya kumi na moja, alinitendea wema mkubwa: hoja ya Anselm kwamba Mungu, aliye mkuu kuliko chochote kinachoweza kufikiriwa, lazima awepo, ilipingwa na Gaunilo, mtawa mwenzake, kwa mfano wa kisiwa kilichokamilika kuliko vyote, ambacho kwa hoja hiyohiyo kingelazimika kuwapo, naye Anselm akaagiza pingamizi hilo linakiliwe pamoja na kitabu chake na jibu lake. Nilipomsimulia baba habari hiyo, hofu yake ilipungua. Mama bado hajaridhika.

Ushauri wa kuchukua falsafa ya Kiafrika haukufanikiwa, kwani vipindi vyake vinagongana na vya ualimu, kwa hiyo namsoma John Mbiti, mwanafalsafa na mwanatheolojia kutoka Kenya, peke yangu maktabani. Anayekusudia njia hii alinganishe kwanza ratiba za idara zote mbili kabla ya kujisajili.