Jirani Kwanza 🏘️: Rangi na wazee Jumamosi

Mama Salma 19:02: Jamani Jumamosi ni kesho kutwa. Tunachora picha za rangi na wazee 24, saa 4 asubuhi wakishamaliza chai. Nani analeta nini? Jibuni, siyo tiki za bluu tu.

Mama Salma 19:40: Watu 31 mmesoma. Haya.

Kelvin 19:44: Mimi naleta mdomo 😂

Fundi Juma 19:51: Nina rangi ya ukuta, nusu ndoo imebaki.

Dada Neema 19:53: Fundi, hapana. Wenye maradhi ya kusahau watatia kidole mdomoni. Tukoroge ya unga: unga wa ngano kikombe 1, chumvi nusu kikombe, maji kikombe 1, halafu rangi ya keki kidogo kidogo mpaka ikolee. Chumvi inamfanya anayeonja ateme. Ikorogwe asubuhi ileile, kwa joto hili ikilala inachacha. Isipakwe nene, ikikauka inapasuka.

Kelvin 19:54: Hizo si chapati za maji? Mafuta je? 😂😂

Baba Jose 19:58: Mchango shilingi ngapi?

Mama Salma 19:58: Baba Jose pandisha juu usome.

Kelvin 20:01: Tuwachoreshe picha za tingatinga bwana!

Fundi Juma 20:04: Zile ni rangi za mafuta. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha uchoraji huo, alitumia za baiskeli. Brashi unasafisha kwa petroli, ukumbi ukijaa harufu mwenye pumu hakai. Chui na ndege wachorwe tu, ila kwa huo unga wa Neema.

Mama Salma 20:09: Manila 3 kubwa, kila moja inatoa A4 nane. Zibandikwe mezani kwa selotepu pembe zote nne, la sivyo mwenye mkono mmoja karatasi inamkimbia.

Dada Neema 20:13: Mipini ya brashi izungushiwe sponji na rababendi, vidole vyenye baridi yabisi havikamati kitu chembamba. Maji ya kusuuzia YASIWEKWE kwenye vikombe, mtu atakunywa akidhani chai. Kateni chupa za lita moja na nusu.

Mchezo: watu 4 kwa meza. Taarabu ikilia mnapaka, ikizimwa karatasi inahamia kwa wa kulia. Dakika mbili mbili, duru sita. Mwisho hakuna anayejua picha ni ya nani, hapo ndipo vicheko. Asiyeona vizuri apewe bamia lililokatwa, achovye agonge, linatoa nyota.

Kelvin 20:15: Na mlenda je 🤣

Mama Jose 20:22: Meza zinatoka wapi? Zile sita ziko kwa mtu tangu msiba. Simtaji.

Mama Salma 20:23: Mama Jose, leo si siku yake.

Mama Jose 20:24: Mwaka jana pia haikuwa siku yake.

Baba Tatu 20:31: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Kelvin 20:31: 🍿

Mzee Kombo 21:10: Assalaam aleikum. Nimesoma yote. Wale ni watu wazima, wamo waliojenga na kusomesha. Kila mmoja aulizwe kwanza kama anataka. Asiyetaka akae asikilize taarabu yake. Msiwavalishe aproni za watoto zenye vikatuni, pelekeni khanga wajifunge. Hakuna kupiga picha za simu bila ruhusa ya mwenyewe na ya msimamizi. Na meza zirudi kesho, Baba Tatu.

Mama Salma 21:26: Waaleikum salaam, shikamoo Mzee. Tumesikia.

Dada Neema 21:27: 🙏

Kelvin 21:40: Nitaleta spika.

Baba Tatu 22:47: Zipo nne. Mbili zilivunjika miguu.

Mama Jose 22:48: Ahaa.

Mama Salma 22:50: Meza nne ni watu 16. Wanane je? Na wa viti vya magurudumu wanataka meza ya juu kidogo, magoti yaingie. Fundi Juma, hiyo miguu unaweza kuipigia misumari kesho?

Mama Salma 23:05: Fundi?

Baba Jose 23:31: Kwani ni Jumamosi hii?